Dodoma kwa Jicho la Kamera: Wapi Upige, Saa Ngapi, na Umuombe Nani

Nimekuwa kimya muda, si mnajua tena mitihani ya mwisho wa semista... Sasa tumemaliza, presha imeshuka, na bumu lililobaki ni la sabuni na vocha tu. Kwa hiyo leo tuongelee kitu kisichotaka hela nyingi: PICHA.

Tangu nilipofika mwaka wa kwanza nasikia wimbo mmoja tu hosteli: "Dodoma hakuna cha kupiga picha." Wenzetu wa Moshi wana mlima wao, wa Unguja wana bahari, wa Mwanza wana mawe yao yaliyokaa ndani ya ziwa kama mtu kayapanga kwa mkono. Sisi tunaambiwa tuna vumbi, upepo na Bunge. Na Bunge lenyewe huwezi kulielekezea kamera ovyo ovyo! Sasa mimi ni Mgogo wa Mvumi, nasomea ualimu, masomo yangu ni Jiografia na Kiswahili, mwaka wa pili hapa hapa UDOM. Mtu akisema kwetu hakuna kitu cha kuangalia, ananigusa. Kwa hiyo tangu mwezi wa sita mwaka jana nimekuwa nazunguka, wikiendi kwa wikiendi, na leo nawapa matunda ya mguu wangu.

Vifaa kwanza, msije mkadhani nina mitambo. Nina simu yenye kioo kilichopasuka kwenye kona, na kamera moja ya mtumba tuliyochangia mimi na mwenzangu wa chumba. Lenzi ni moja. Tunapokezana kama wake wenza, Jumamosi yake, Jumapili yangu. Basi.

MWANGA WA DODOMA SI WA MCHEZO

Tuko kwenye nyuzi 6 na kidogo kusini mwa Ikweta, na mji uko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Waliokaa vizuri kwenye darasa la Jiografia wanajua maana yake: jua letu linapanda haraka na linashuka haraka. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 8 au 9 Oktoba, jua la mchana linasimama juu ya utosi kabisa. Mpige mtu picha kwenye saa 6 na nusu mchana siku hizo, macho yake yanakuwa mashimo mawili meusi, pua inatupa kivuli mpaka mdomoni. Dada wa watu kajipodoa saa nzima, picha inatoka kama ya marehemu. Asikulaumu wewe, alaumu jua.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: piga asubuhi au jioni. Jua linachomoza kwenye saa 12 na nusu asubuhi, linazama kwenye saa 12 na nusu jioni au baadaye kidogo kutegemea mwezi. Ile saa moja baada ya kuchomoza na ile saa moja kabla ya kuzama ndizo za kwako. Mchana kalale, au kafue.

Kanuni ya pili ni msimu. Huku tunapata mvua mara moja tu kwa mwaka, kama Desemba mpaka Aprili, na zote kwa jumla ni milimita 500 hadi 600 hivi. Watu wanaiona kama laana, lakini kwa mpiga picha ni kama kuwa na miji miwili. Februari njoo uone kijani, mawingu makubwa meupe, madimbwi yanayoonesha anga. Agosti njoo uone ardhi nyekundu na vumbi. Tena lile vumbi tunalolilaani likituingia machoni njiani kwenda lekcha, jioni ndilo linalofanya jua liwe kubwa, jekundu, unaweza kuliangalia hivi hivi. Wa Moshi hawana hilo!

CHIMWAGA, HAPA HAPA NYUMBANI

Anza ulipo. Chuo chetu kilianza 2007 kwenye vilima hivi vya Chimwaga, kikiwa kwanza na lile jengo la mkutano la chama, na eneo lake lote ni takriban hekta 6,000. Wengi tunaijua njia moja tu: chumbani, kafeteria, darasani, chumbani. Mji uko upande wetu wa magharibi, kama kilomita 8. Maana yake ni nini? Jua linazama KULE KWENYE MJI. Ukisimama mahali palipoinuka jioni, unaupata mji wote umelala chini, taa zinaanza kuwaka moja moja, na vilima vya mawe vinakuwa vivuli vyeusi nyuma yake. Hakuna kiingilio. Chukua maji na rafiki mmoja, usiende peke yako porini na kamera mkononi giza likiingia.

Msimu wa mahafali ndio msimu wangu wa kupata vijisenti. Siri yangu ni hii: kila mtu anataka asimame mbele ya kibao cha chuo na joho lake, foleni kama ya maji. Mimi nawapeleka wateja kwenye mbuyu au kwenye jiwe. Joho jeusi, ardhi nyekundu, jiwe la kijivu... picha haihitaji maelezo, mtu akiiona anajua hii ni Dodoma. Kibao kila chuo kinacho.

MAWE

Haya mawe yetu msiyaone hivi. Ni itale na jamaa zake, sehemu ya lile bamba la kale la katikati ya Tanzania ambalo umri wake ni zaidi ya miaka bilioni 2 na nusu. Yaani mlima Kilimanjaro ni mtoto wa juzi tu mbele ya jiwe unalokalia ukisubiri daladala. Mvua, jua na baridi ya usiku vimeyachonga mpaka yakabaki mviringo, mengine yamebebana kama mtoto mgongoni.

La kwenda ni Mlima Simba, pembezoni mwa mji. Ukilitazama kwa mbali lile jiwe unamwona simba kalala. Panda asubuhi na mapema, viatu vyenye kushika, maji, na muulize mwenyeji njia kabla hujaanza kujifanya mbuzi. Ukifika juu utaona kwa nini napenda mji huu: hakuna msitu wa maghorofa. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa 1973, na mwaka huo huo ikaundwa CDA kuupanga mji, ikaendelea mpaka ilipovunjwa 2017. Serikali yenyewe ikaanza kuhamia kwa nguvu kuanzia 2016, na tarehe 26 Aprili 2018 tukatangazwa Jiji. Kutoka juu unaiona historia hiyo yote kwa mpigo: mabati ya zamani yenye kutu katikati, mabati ya rangi rangi yakisambaa pembeni, na barabara mpya nyekundu zikikata viwanja ambavyo juzi vilikuwa mashamba ya uwele.

Mimi kwenye mazoezi ya kufundisha nilitumia picha ya mlima huu kufundishia kumomonyoka kwa miamba. Kitabu kilikuwa na mchoro wa mlima wa nchi za watu. Nilipowaonesha wanafunzi Mlima Simba kwenye simu, darasa zima lilinyanyuka. "Mwalimu, huo si wa kwetu huo?" Kipindi kikaisha hawataki kutoka. Siku hiyo ndiyo nilijua picha si mapambo ya kuwekea profaili tu.

MJINI KATI KWA MIGUU

Hapa huhitaji nauli, ukishashuka Jamatini unatembea. Anzia Nyerere Square kwenye sanamu ya Mwalimu. Piga mapema kabla watu hawajajaa, au piga jioni watu wakiwa wamejaa na wewe uwapige watu, sanamu ibaki kwa nyuma. Mimi napenda ya pili. Kisha nenda kwenye makanisa makuu, la Kianglikana na la Kilutheri, halafu Msikiti wa Gaddafi uliofunguliwa 2010, mmoja wa misikiti mikubwa kabisa nchini, uliojengwa kwa fedha za Libya. Kuta zake na minara yake zinashika jua la asubuhi vizuri mno. Lakini wadau, hizi ni nyumba za ibada. Vaa kiheshima, dada funika kichwa, vua viatu, omba ruhusa kwa wahusika, na watu wakianza kuswali shusha kamera. Mie kila nilipoomba kwa adabu nilikubaliwa, na mzee mmoja alinionesha hadi pa kusimama.

Halafu stesheni mbili. Hii ndiyo napenda kuliko zote kwa sababu inakuonesha miaka zaidi ya mia kwa siku moja. Reli ya kati ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910. Stesheni ya zamani bado iko mjini, na ile reli ya mita moja. Sasa panda bajaji uende kwenye stesheni ya SGR. Treni za abiria kutoka Dar zilianza kufika Dodoma tarehe 25 Julai 2024, uzinduzi rasmi ukawa tarehe 1 Agosti 2024, na treni yenyewe inaweza kukimbia kilomita 160 kwa saa. Paa la stesheni limebuniwa lifanane na vilima vyetu vya mawe, kwa hiyo lipige jioni kukiwa na kilima halisi nyuma yake, uone kama mchoraji alipatia. Nje unapiga bila shida kubwa, ndani kwenye reli na mitambo omba kwanza.

WATU: MAJENGO NA MNADA WA MSALATO

Sasa tunafika kwenye jambo zito. Majengo, nyanya zimepangwa mafungu, vitunguu, mlenda mkavu kwenye magunia, mwanga unapenya kwenye matundu ya mabati na turubai. Na Jumamosi mnada wa Msalato, njia ya Arusha: ng'ombe, mbuzi, mitumba, moshi wa nyama choma, wazee wa Kigogo na fimbo zao na mashuka yao. Rangi zote unazozitaka ziko pale.

Lakini rangi hizo ziko kwenye miili ya watu. Nimeshuhudia mtu kashuka kwenye gari, kamwelekezea lenzi ndefu bibi mmoja aliyekaa chini amechoka na kikapu chake, kapiga kumi na tano, kapanda gari, kaondoka. Hata "shikamoo" hakuna. Bibi alibaki anauliza wenzake, "Kanichukua nini yule?" Sisi Wagogo tumepigwa picha vya kutosha tukiwa tumenyoosha mkono. Kuna watu wakisikia Mgogo, picha iliyoko kichwani mwao ni ya ombaomba. Picha ile haikuota yenyewe, kuna watu waliibeba hivyo hivyo, kidogo kidogo, wakijua au bila kujua.

Kwa hiyo mimi naanza na salamu. "Mbukwenyi!" Ukiisema tu hiyo, hata lafudhi ikiwa ya Kichaga, uso wa mtu unafunguka. Mama mmoja wa Majengo nilimwomba picha akaniangalia toka juu mpaka chini.

"We mwanafunzi?"

"Ndiyo mama, nasomea ualimu."

"Basi mwalimu, nunua mlenda kwanza. Ukishanunua mimi si kivutio tena, mimi ni mtu wako."

Nikanunua fungu mbili. Akajifunga khanga upya, akapanga nyanya zake upya, akaita na mwenzake wa kibanda cha pili waje wote. Ile ndiyo picha yangu bora ya soko, na nilimpelekea nakala iliyosafishwa. Ameibandika ndani ya kibanda, na mlenda siku hizi naongezewa.

Na kama roho haikutumi kuomba kwa ajili ya adabu, omba kwa ajili ya sheria. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sura ya mtu ni ya mtu.

MIBUYU, ZABIBU NA MAJI

Mbuyu upige mara mbili: kiangazi ukiwa mtupu, matawi kama mizizi imeelekea mbinguni, na masika ukiwa na majani yake. Ua lake linafunguka usiku, kwa hiyo mwenye subira akae na tochi. Nina ombi hapa: mibuyu mingi pembeni ya mji imeangukia kwenye viwanja vilivyopimwa. Mmoja niliokuwa naupiga kila mwezi, siku moja nilikuta nafasi yake kuna mchanga na matofali. Simlaumu mwenye kiwanja, naye anatafuta pa kulala. Ila kama kuna mbuyu unaupita kila siku, upige wiki hii. Usiseme utakuja.

Zabibu ziko Hombolo, Mpunguzi, Makutupora na Mvumi. Zinavunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo huna kisingizio cha kukosa zote. Shamba ni mali ya mtu, bisha hodi. Ukiwa na bahati unapewa na kichane. Mpigie mkulima picha ya mikono ikiwa na mkasi na zabibu, jua likiwa nyuma ya kichane, punje zinawaka kama taa.

Na ukitaka maji kwenye nchi kavu, nenda bwawa la Hombolo, kama kilomita 40 kutoka mjini. Lilijengwa 1957. Mitumbwi, ndege wa majini, wavuvi asubuhi na mapema. Usiingie majini kichwa kichwa, kichocho si hadithi. Piga tu kutoka ukingoni.

Wenye nauli zaidi, fikeni Kolo kule Kondoa, karibu kilomita 180 kaskazini na lami ipo. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, na mapango yenye michoro ni zaidi ya 150. Unaanzia ofisi ya mambo ya kale Kolo, unalipa, unapewa mwongozaji. Usitumie flashi, usiguse, na USIMWAGIE MAJI jiwe ili rangi ing'ae, kuna watu wamefanya hivyo na rangi inazidi kupotea. Watu waliochora wale twiga na wale watu warefu wembamba kwa rangi nyekundu hawakuwa na kamera. Walikuwa na jiwe na udongo, na mpaka leo tunawaona.

MVUMI, KWA BIBI

Hapa si mahali pa kuwaelekeza, ni nyumbani. Lakini siwezi kuongea picha nikaparuka.

Babu yangu alifariki 2017, nikiwa darasa la 7. Siku ya msiba wakubwa walitafuta picha ya kuweka kwenye msalaba na kwenye karatasi ya ibada. Walipekua masanduku yote. Mzee aliyeishi miaka zaidi ya sabini, aliyelima, aliyezaa, aliyeoza mabinti, alikuwa na picha MOJA tu: ile ya kadi ya mpiga kura ya 2015. Ikapelekwa stesheneri, ikakuzwa. Mnajua picha ya kadi ikikuzwa inakuwaje... Babu alitoka kama ukungu wenye macho. Bibi aliishika ile karatasi, akaigeuza, akauliza, "Huyu ndiye nani?" Watu walidhani ni kilio kimemchanganya. Hakuchanganyikiwa. Yule kweli hakuwa mume wake.

Sasa mwaka jana baba mdogo akasema tembe la bibi linabomolewa kiangazi, anajenga nyumba ya tofali na bati. Kwa wasiojua, tembe ni nyumba yetu ya asili, kuta za miti na udongo, na paa lake ni bapa, limetandikwa udongo juu. Ndani ni giza na baridi nzuri. Baba mdogo ana haki, masika lile paa linavuja na bibi ana kifua. Sikwenda kumzuia. Nilikwenda Julai na kamera, zamu yangu.

Nilikuwa nimepanga kichwani: bibi anatwanga kwenye kinu, vumbi la uwele, jua la jioni. Bibi akakataa katakata.

"Kinu kimenichosha miaka sitini, mjukuu wangu. Kisinifuate mpaka kwenye picha."

Akaingia ndani, akatoka na khanga mpya ambayo sijawahi kuiona, doti nzima, na shanga zake. Akataka akae kwenye kiti, siyo chini. Nikamkalisha mlangoni, upande wa ndani kidogo. Kwa wanaojifunza: mlango wa nyumba ya giza ndio studio bora duniani. Mwanga unaingia laini kutoka upande mmoja, nyuma kunakuwa cheusi, kila mkunjo wa uso unaonekana bila kuchomwa na jua. Hakucheka. Alisema mtu mzima hachekei chombo. Nikapiga sita tu.

Nilipodhani tumemaliza akasema, "Bado mzee." Akaingia tena, akatoa kigoda cha babu, akakiweka pale nje ukutani, akakisogeza, akakirudisha, akatafuta mpaka akapapata pale pale. "Alikuwa anakaa hapa, anaangalia ng'ombe wakirudi." Ukutani pale, wadau, palikuwa na alama. Udongo umelainika na kung'aa mahali mgongo wa mtu ulipoegemea miaka na miaka. Mimi nimekulia pale na sikuwahi kuiona alama hiyo mpaka nilipoangalia kwenye kamera.

Nikapiga kigoda na ukuta na alama ile.

Tembe lilibomolewa mwezi wa tisa. Nyumba mpya ni nzuri, haivuji, bibi amepona kikohozi. Picha nilizisafisha mjini, Uhindini, nakala saba, moja kwa kila mtoto wake. Ile ya kadi ya mpiga kura iliyokuwa sebuleni imetolewa. Pale ilipokuwa pamewekwa kigoda na ukuta. Mgeni akiuliza "mbona hiki ni kigoda tu?" bibi anamjibu, "Ni mume wangu huyo." Na wajukuu wadogo ambao hawakumkuta, wanaamkia: shikamoo babu.

MAMBO YA KUEPUKA, HARAKA HARAKA

Majengo ya Bunge, Ikulu ya Chamwino, kambi za jeshi, vituo vya polisi, na ofisi za Mtumba: usinyanyue kamera bila ruhusa. Mlinzi akikwambia futa, ongea kwa upole, usianze kumtajia katiba. Droni nayo ina vibali vyake, usiirushe kwa sababu tu umeazimwa. Watoto: muulize mzazi. Mgonjwa, msiba, mlevi: acha. Na ukiahidi kumletea mtu nakala, MLETEE. Nakala moja ni hela ndogo kuliko chips mayai, na hiyo ndiyo itakufungulia mlango wewe na wenzako mwaka kesho.

Wazee wanasema jina Dodoma limetokana na neno la Kigogo "idodomya", yaani imezama, kwa ajili ya tembo aliyezama kwenye matope ya kijito. Hakuna aliyempiga picha yule tembo, lakini mji mzima unabeba jina lake kwa sababu waliomwona walisimulia. Sisi tuna simu mfukoni na bado tunasema hakuna cha kupiga!

Kazi kwenu sasa. Likizo hii, kabla hujapiga picha ya chakula chako, mpige mama yako, baba yako, bibi yako. Muulize anataka akae vipi, avae nini. Kisha isafishe kwenye karatasi, simu zinaibiwa. Ukirudi semista ijayo tutafutane pale Chimwaga jioni, saa 12 kasoro, nitakuonesha pa kusimama. Kama kamera ni zamu ya mwenzangu nitakuja na simu, kioo kimepasuka lakini kinaona.

Likizo njema, na wanaosubiri matokeo Mungu atuepushe na sapu!